Maiti Haulizwi Sanda: Sanamu za Shaba Zinazozaliwa Mwenyewe Akiwa Kaburini

Siku hiyo nilikuwa nimechuchumaa kwenye sakafu ya jumba la makumbusho, mlinzi kanikazia macho, nikitafuta alama ya dole gumba la mtu aliyefariki mwaka 1917.

Sanamu yenyewe huenda umewahi kuiona, hata kama ni pichani tu. Binti wa miaka 14, mchezaji wa baleti, kimo chake hakifiki mita moja. Mguu mmoja ameutanguliza, mikono ameifumbata nyuma, kidevu kakiinua kama mtoto aliyechoka kuamrishwa. Sketi yake ni kitambaa cha kweli, na nywele zimefungwa kwa utepe wa satini. Kilichobaki chote ni shaba. Nilikuwa nimesoma kwamba Edgar Degas, ambaye wengi tunamjua kwa picha za rangi, alikuwa pia akifinyanga sanamu kwa vidole vyake, na wala hakujisumbua kufuta alama. Basi nikawa nazitafuta. Nyuma ya paja nikaona kibonyeo kidogo cha mviringo, kana kwamba mtu kabonyeza na kuondoa kidole sasa hivi.

Kibao cha pembeni kilisema mambo manne tu: jina la msanii, jina la sanamu, 1881, shaba.

Nilitoka pale kama mtu aliyepeana mkono na marehemu. Kwa miaka kama miwili kila aliyekubali kunisikiliza nilimsimulia habari za lile dole gumba. Halafu siku moja, nikisoma jambo jingine kabisa, nikakutana na maelezo yaliyonikata maini: mwaka 1881 hapakuwa na mchezaji wa shaba. Hata siku Degas anafariki hapakuwa naye. Sanamu niliyoipigia magoti ilimiminwa miaka kadhaa baada ya mazishi, na mwenyewe hakuwahi kuitia machoni.

Kwa hiyo lile lilikuwa dole gumba la nani?

Kabla sijaendelea niseme kidogo kuhusu maneno, maana lugha yetu ina la kusema hapa. Tunaita “shaba” vitu zaidi ya kimoja: ile nyekundu ya ndani ya nyaya za umeme, na ile iliyochanganywa na bati, ambayo wengine huiita shaba nyeusi au bronzi. Mshindi wa tatu naye tunamvalisha medali ya shaba na hakuna anayeuliza ni ipi. Mimi hapa nazungumzia mchanganyiko: kwa makadirio, sehemu tisa za shaba nyekundu na moja ya bati.

Neno la pili lina uzito zaidi. Kila mtengeneza sanamu tunamwita mchongaji. Lakini kuchonga ni kupunguza. Patasi ikishaondoa kipande cha gogo, kimeondoka, huwezi kukirudisha. Degas hakuchonga, alifinyanga. Mfinyanzi anaongeza, anabandua, anakata mkono na kuupachika upya wiki ijayo. Nta haikauki kama udongo. Ukiipasha moto kidogo inakubali kuanza tena, leo, kesho, mwakani. Sanamu ya nta basi haina mwisho wake yenyewe. Inakwisha pale mtu anaposema “basi”. Degas, kwa sanamu zake karibu zote, neno hilo hakulisema.

Alionyesha hadharani sanamu moja tu maishani mwake, huyo binti, Paris mwaka 1881, na ilikuwa ya nta. Alimvisha kizibao na viatu vya kweli, akampa nywele, akafunga utepe, kisha baadhi ya vitu hivyo akavipaka nta juu. Wahakiki wengi waliichukia. Walisema binti ana sura ya mnyama, wengine wakasema anafaa kuwekwa kwenye makumbusho ya magonjwa. Degas aliirudisha nyumbani, na kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata aliendelea kufinyanga bila kuonyesha watu. Wanawake wakioga, farasi wakiruka, wachezaji wakikagua nyayo za miguu yao. Macho yake yakizidi kufifia, vidole vikawa vinafanya kazi ambayo macho yameshindwa.

Na alikuwa fundi mbovu, kusema kweli. Mifupa ya sanamu zake ilikuwa nyaya zilizopinda hovyo, na ndani ya nta alishindilia chochote kilichokuwa karibu, hata vizibo vya chupa za mvinyo. Kizibo ni chepesi na hakitulii ndani ya nta, kwa hiyo sanamu zilipasuka, zikainama, zikaanguka. Yeye akazifinyanga upya. Muuza picha Ambroise Vollard, aliyemfahamu vizuri, alisimulia kwamba Degas aliogopa kuacha kitu cha shaba nyuma yake, kwa kuwa shaba ni ya milele na huo ni mzigo mkubwa mno kwa mtu kujitwika.

Alifariki Septemba 1917. Walioingia studio kuorodhesha mali walikuta sanamu kama 150 za nta, udongo na plastilini, nyingi zikiwa vipande vipande.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Mwaka 1918 warithi waliingia mkataba na kiwanda cha Adrien Hébrard cha kusubu, yaani kumimina shaba iliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Rafiki wa marehemu, mchongaji Albert Bartholomé, alisaidia kuzitengeneza zilizovunjika, na kazi ya kusubu yenyewe ikafanywa na fundi mkuu wa kiwanda, Mwitaliano Albino Palazzolo. Zilichaguliwa sanamu 72, ukimtoa yule binti. Kila moja isubiwe mara 22: seti 20 za kuuza, zilizopewa herufi kuanzia A hadi T, moja ya warithi na moja ya kiwanda. Mara 22 kwa 72 ni 1,584. Si seti zote zilizokamilika, lakini hebu iangalie hesabu hiyo halafu umkumbuke mtu aliyeogopa kuacha kitu kimoja cha shaba. Mwaka 1921 zilionyeshwa Paris. Yule binti akafuata kwa utaratibu wake, na leo kuna zaidi ya 20 wa shaba, wametawanyika Ulaya na Marekani.

Hasira yangu ya kwanza, nakiri, ilikuwa ya kitoto. Nilijiona nimetapeliwa. Baadaye nikapata nafasi ya kufanya jambo lililonitoa kwenye hasira na kunitia kwenye mkanganyiko, ambao naona ni hatua mbele.

Nilijiunga na mafunzo ya siku chache kwenye karakana ya kusubu. Kila mmoja wetu alitakiwa afinyange kitu kidogo cha nta, kisha akifuate mpaka kiwe shaba. Nilifinyanga mkono, kiganja kimefumbwa nusu, ukubwa wa papai dogo. Na kwa kuwa lile dole gumba lilikuwa bado linanikera, chini ya kidole cha shahada nilibonyeza dole gumba langu, kwa makusudi kabisa, mistari ya ngozi ikaonekana.

Wanaodhani kusubu ni kama kupiga fotokopi waje siku moja wasimame karakanani. Kwanza fundi hagusi ile nta ya asili kwa moto. Anaivisha tabaka laini, zamani jelatini, siku hizi mpira wa silikoni, likishika umbo anazungushia ganda gumu la plasta, kisha anafungua. Hilo ndilo kalibu. Ndani ya kalibu anapaka nta nyingine iliyoyeyushwa, unene wa milimita chache, na inapotoka unapata sanamu ya pili: nta, tupu ndani, nakala ya ile uliyofinyanga. Hii ya pili ndiyo itakayokufa. Inabandikwa vijiti vya nta ambavyo baadaye vitakuwa mifereji ya kupitisha shaba na njia za kutolea hewa, inajazwa na kuzungushiwa mchanganyiko wa plasta na tofali lililosagwa, inaingizwa tanuruni, nta inayeyuka na kutoka yote. Panabaki uwazi wenye umbo la mkono wangu. Shaba ya joto la zaidi ya nyuzi 1,000 inamiminwa humo, haraka, kwa mkono usiotetemeka. Ikipoa, ganda linavunjwa kwa nyundo.

Nimeeleza yote hayo ili nifike hapa: kabla ya tanuru, ile nta ya pili huwa na kasoro. Kuna vitundu vya hewa, na kuna mshono pale vipande vya kalibu vilipokutana. Kazi ya fundi ni kuzifuta kwa kisu cha moto. Fundi wetu, mzee mwenye kope zilizoungua, aliuchukua mkono wangu, akaugeuza mara mbili, kisu kikapita chini ya kidole cha shahada. Ilikuwa sekunde mbili. Alama yangu ikawa haipo, pamekuwa laini kama sabuni mpya.

“Fundi!” Nilishindwa hata kumalizia.

Alinitazama. “Kulikuwa na shimo hapo, mwanangu. Nimekuzibia.”

“Halikuwa shimo. Nilibonyeza mwenyewe.”

“Ungesema.”

Hakuwa na kosa, na wala hakuudhika. Alinirudishia mkono, nikabonyeza tena dole gumba langu pale pale, na safari hii akaweka alama ya kalamu ya nta kando yake ili msaidizi wake asije akapafuta. Mkono uko kwenye rafu ninapoandika haya, alama ipo, ila si ile ya kwanza.

Neno lake, “ungesema”, limekaa kichwani mwangu kuliko chochote nilichosoma. Mimi niliweza kusema kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale. Palazzolo alifanya kazi mara 72 na mara 22 juu yake, na kila mara palikuwa na kibonyeo cha kuamuliwa: hiki ni kidole au ni shimo? Hapakuwa na wa kumjibu. Alikuwa fundi hodari mno, kila anayejua kazi hiyo anakiri. Uhodari haubadilishi kwamba alikuwa akijibu mwenyewe.

Na kuna la kuchekesha hapo. Kwa muda mrefu watu waliamini nta za asili ziliharibika katika kazi ya kusubu. Mwaka 1955 zikaibuka, nyingi zikiwa salama. Tajiri wa Marekani, Paul Mellon, alizinunua, na sehemu kubwa akaipatia National Gallery ya Washington, zilipo mpaka leo. Mwaka 1976 likajulikana jambo jingine: Palazzolo hakuwa amesubu seti zote kutoka kwenye nta. Alitengeneza kwanza seti moja ya shaba kama mfano, kisha zile za kuuzwa akazipata kwa kuchukua kalibu juu ya hiyo shaba. Seti hiyo ya mfano sasa iko Pasadena, kwenye Norton Simon Museum.

Mafundi wanajua maana yake. Shaba ikipoa hunywea, asilimia 1 hadi 2 hivi. Ukisubu kutoka kwenye nta, sanamu inapungua kidogo. Ukichukua kalibu juu ya shaba na kusubu tena, inapungua mara ya pili, na makali ya uso yanalainika, kama barua iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala. Kwa hiyo binti niliyechuchumaa mbele yake alikuwa, kwa rula, mdogo kuliko yule ambaye Degas alimfinyanga.

Sasa, mtu akinisikiliza mpaka hapa atadhani nataka kila kitu kilichosubiwa baada ya kifo kiyeyushwe. Hapana. Ndiyo maana nahitaji kumleta Rodin.

Auguste Rodin, mtengeneza sanamu wa Ufaransa, alifariki Novemba 1917, miezi miwili tu baada ya Degas, lakini mambo yake aliyaacha tofauti kama usiku na mchana. Mwaka 1916 aliipa serikali ya Ufaransa kazi zake zote pamoja na haki ya kuzisubu. Aliandika, akatia saini. Jumba la Musée Rodin lilifunguliwa mwaka 1919, na hadi leo linajiendesha kwa sehemu kwa kuuza sanamu za shaba zinazosubiwa kutokana na plasta alizoziacha. Maiti huyu alikuwa ameulizwa sanda, akajibu, na akataja na mshonaji.

Tena Rodin alipokuwa hai hakuwa na wivu wowote na nakala. Sanamu yake ya wapenzi wawili wakibusiana, kwa vipimo vidogo vya kuweka mezani, ilisubiwa zaidi ya mara 300 chini ya mkataba alioingia mwaka 1898 na kiwanda cha Barbedienne. Ukomo wa idadi ni jambo lililokuja baadaye. Ufaransa siku hizi inahesabu kuwa asilia sanamu 12 tu za kila umbo: nane zenye namba 1/8 hadi 8/8, na nne zenye namba za Kirumi. Ya 13 ikitengenezwa lazima iandikwe wazi kwamba ni nakala. Wale watu sita wa Calais wenye kamba shingoni, sanamu nyingine ya Rodin, waliozinduliwa mjini kwao mwaka 1895, walifikisha kumi na mbili yao mwaka 1995 kwa sanamu iliyokwenda Seoul. Karne nzima kati ya ya kwanza na ya mwisho, na kwa sheria zote ni “asilia”. Neno hilo linabebeshwa mzigo ambao sina hakika linauweza.

Lakini hata kwa Rodin, saini haikumaliza maneno. Mlango wake mkubwa wa Jahanamu aliagizwa mwaka 1880, uwe mlango wa jumba la makumbusho ambalo halikujengwa. Aliufanyia kazi maisha yake yote yaliyobaki. Una urefu unaozidi mita sita na watu zaidi ya 180, na juu kabisa wamesimama wanaume watatu ambao ukiwatazama vizuri utagundua ni mtu mmoja, kasubiwa mara tatu na kugeuzwa pande tofauti. Mwaka 1900 aliuonyesha kwa plasta, sehemu kubwa ya wale watu wakiwa wamebanduliwa, mlango uko karibu mtupu. Alikuwa anawatoa, anawarudisha, anawauza peke yao, anawakuza. Yule aliyekaa akiwaza, mkono kidevuni, ambaye dunia nzima inamjua, alianza kama pambo la juu ya mlango huo.

Mpaka anafariki hakuwa ameuona kwa shaba. Walioupanga mara ya mwisho, kila kiumbe mahali pake, walikuwa mafundi chini ya Léonce Bénédite, msimamizi wa kwanza wa jumba lake. Aliyeagiza usubiwe alikuwa Jules Mastbaum, tajiri wa majumba ya sinema wa Philadelphia, na yeye pia akafariki mwaka 1926 kabla jumba alilotaka kuuweka halijafunguliwa. Kwa hiyo una mlango ambao aliyeubuni hakuuona na aliyeulipia hakuuona.

Mwaka 1981, National Gallery ya Washington ilifanya maonyesho makubwa ya Rodin yaliyokuwa na Mlango mpya kabisa, umetoka tanuruni, pamoja na filamu ya jinsi ulivyosubiwa. Mhakiki Rosalind Krauss aliandika makala iliyowakera wengi akiuliza: hii ni kazi ya nani, na tunapodai asilia tunadai nini, ikiwa Rodin mwenyewe aliishi kwa kunakili na kupachika? Msomi wa Rodin, Albert Elsen, alimjibu kwa ukali kwamba Rodin alitoa ruhusa na kuwa hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Nimewasoma wote wawili mara kadhaa. Ninapomsoma Krauss nakubaliana na Krauss, ninapomsoma Elsen nakubaliana na Elsen.

Nifungue mabano kuhusu mihuri, maana nisipokisimulia kisa hiki kitanikaa rohoni. Sanamu nyingi za Rodin zina muhuri wa kiwanda cha “Alexis Rudier”, na kwa wanunuzi muhuri huo ni kama muhuri wa benki. Rodin alianza kufanya kazi na kiwanda hicho mwaka 1902. Alexis Rudier alikuwa amefariki mwaka 1897. Aliyekuwa akisubu ni mwanawe Eugène, ambaye aliendelea kupiga muhuri wa baba mpaka yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1952. Kwa hiyo kwenye Mlango una jina la msanii marehemu na jina la fundi marehemu, yote yamewekwa na walio hai. Na miaka mingi baadaye akatokea Guy Hain, Mfaransa aliyesubisha Rodin na wengineo kwa wingi na kuzigonga muhuri huo huo, mpaka miaka ya 1990 mahakama ikamtia hatiani kwa kughushi. Yeye alikuwa mwizi, hakuna ubishi. Ila jioni moja nilikaa kuorodhesha tofauti kati ya alichofanya yeye na kinachofanywa kihalali: kalibu ni lile lile, shaba ni ile ile, wakati mwingine hata mafundi ni wa ukoo mmoja wa kazi. Nilibaki na karatasi ya ruhusa. Ni tofauti ya kweli, ila haipo kwenye sanamu. Huwezi kuiona kwa kuchuchumaa.

Wajane nao wana sura yao. Frederic Remington, mtengeneza sanamu za wapanda farasi wa Marekani, alifariki ghafla mwaka 1909, na mkewe Eva akaendelea kuagiza shaba kiwandani hadi naye alipofariki mwaka 1918. Mjane anahitaji kula. Sina zaidi ya hapo la kusema, na anayetaka kumhukumu Eva amhukumu bila mimi.

Kisa kinachonishangaza kuliko vyote ni cha Mwitaliano Umberto Boccioni. Mwaka 1913 alitengeneza kwa plasta mtu anayepiga hatua, mwili wake ukipeperuka kama ndimi za moto. Mwaka 1916, akiwa mafunzoni jeshini, alianguka kutoka kwenye farasi akafa, ana miaka 33. Hakuwa amesubu hata moja. Shaba za kwanza zilitoka mwaka 1931, na zilizofuata zikaendelea miongo kadhaa mbele. Nyingine kalibu lake lilichukuliwa juu ya shaba ya awali. Plasta yenyewe iko São Paulo. Leo mtu huyo wa shaba ndiye anayeonekana kwenye sarafu ya Italia ya senti 20 za euro. Imepigwa chapa kwa mamilioni. Boccioni alifinyanga mtu mweupe wa plasta. Tunayemjua sisi ni wa dhahabu kwa rangi, anang'aa, na uzito na mng'ao huo ndivyo tunavyovisifia tunaposema alikuwa ametangulia zama zake.

Rangi! Nilikuwa karibu kusahau. Shaba ikitoka kwenye ganda ni kama sufuria chafu. Rangi ya mwisho, ile kahawia yenye kina au kijani cha kutu ya shaba, inawekwa kwa moto wa gesi na brashi yenye dawa, na fundi anaamua lini aache. Karakanani fundi aliniuliza nataka mkono wangu uwe wa rangi gani. Nikasema sijui, anionyeshe. Akaanza kahawia, nikamwambia aendelee, ikakoza mpaka karibu nyeusi, nikasema basi. Alikuwa anataka kuacha mapema zaidi. Aliniambia hivyo, na pengine ndiye aliyekuwa sahihi.

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa mashairi, alinipinga kwa hoja nzuri. Shairi la marehemu, alisema, likinakiliwa kwa mwandiko wa mtu mwingine, vina na mizani zikiwa zile zile, ni shairi lake. Kwa nini sanamu isiwe hivyo? Nilihangaika nalo jibu. Nadhani ni hivi: shairi lina hesabu yake, mtu akiongeza mizani moja sikio linamkamata. Sanamu ya kufinyangwa haina mizani. Ina ngozi, na ngozi ndiyo yote. Kisu kikipita sekunde mbili hakuna kina kinachovunjika kukushitaki.

Hata hivyo ninachokidai ni kidogo mno. Sitaki shaba za Degas zifichwe. Bila warithi wale wachoyo, nta zile pengine zingekuwa vumbi, na mimi nisingewahi kumjua binti yule. Nataka tu kibao kiwe na miaka miwili badala ya mmoja. Mwaka aliofinyanga yeye, mwaka waliosubu wao, na jina la aliyesubu. Makumbusho kadhaa makubwa yanafanya hivyo tayari. Lile la kwangu halikuwa linafanya. Niliwaandikia. Walinijibu kwa adabu kubwa kwamba nafasi kwenye vibao ni finyu.

Nilirudi pale mwaka jana. Mlinzi alikuwa mwingine. Nilichuchumaa tena nyuma ya binti, na kile kibonyeo kipo, nyuma ya paja, cha mviringo. Safari hii nilikuwa nimejifunza kuangalia, na nikaona kingine juu yake kidogo, chembamba, chenye ukingo mkali kuliko kidole kinavyoweza kuacha. Kisu cha moto, ningesema, ingawa nimekitumia siku nne tu maishani.

Kisha nikaitazama mikono yake iliyofumbatwa nyuma. Watafiti wa Washington walipoipiga picha za eksirei ile nta ya asili waliona Degas alivyoishikilia mikono hiyo isianguke: alipitisha ndani yake brashi zake za kuchorea. Bado zimo, ndani ya nta. Wa shaba ni mtupu ndani, na pale zilipokuwa brashi pana hewa.